Picha ya bure si shamba la bibi

Juzi hapa stesheneri kwetu Ngamiani, Tanga, kaja dada mmoja anauza mafuta ya ngozi, anataka bango, na picha kashaichagua mwenyewe huko Pexels, tovuti ya picha za bure, binti anacheka meno yote nje, afu pembeni yake niandike "Nilipaka wiki mbili tu, chunusi kwisha". Nikamwambia dada yangu, hapana. Picha kuitumia kibiashara ruksa, hata kumtaja mpiga picha si lazima, ila kumfanya yule binti aonekane anasifia bidhaa yako, hilo masharti yao yanakataza. Na mi inaniuma kweli, yule mtoto wa watu, mafuta yenyewe hajawahi hata kuyanusa!

Tukalipiga picha kopo lenyewe la mafuta kwa simu, juu ya kitambaa cheupe pale mlangoni kwenye mwanga, likatoka safi.

Za Creative Commons, zile ambazo mwenyewe karuhusu zitumike kwa masharti yake, ndo msome vizuri maana kila picha na leseni yake: CC BY lazima umtaje aliyepiga na leseni yenyewe, ukiona NC biashara usiguse, ND ukiihariri usiisambaze. Na Google jamani inakuonyesha tu picha ilipo, mwenyewe yupo.