Kupanga Milango ya Peugeot 504
Hapa Nakuru nimeona mafundi wa bodi wakianza na bonneti wanapopanga milango na vipande vingine vya bodi vikae sawa, lakini kwa Peugeot 504, gari ninaloliheshimu tangu liliposhinda Safari Rally mwaka 1975, naamini kazi huanzia mlango wa nyuma, kwa kuwa ubavu uliochomelewa nyuma yake hausogei. Gari lisimame kwa magurudumu yake mahali tambarare. Likiinuliwa kwa jeki upande mmoja, bodi hupinda kidogo na vipimo hupotosha.

Kabla ya kulegeza boliti yoyote, fungua mlango na uuinue kwa mikono: ukicheza, pini za bawaba zimelika, na hakuna marekebisho yatakayodumu zisipobadilishwa. Ondoa pia kishikio cha kufuli kilicho nguzoni, yaani kile ambacho kufuli hukikamata mlango ukifungwa, ambacho huuvuta mlango na kuficha kasoro. Kisha fuata mlango wa mbele, madigadi, na mwisho bonneti.