Nilivyoitafuta mivujo ya dizeli katika Land Cruiser kuukuu

Land Cruiser yangu ni HZJ75, gari la mizigo lenye injini ya 1HZ ya lita 4.2, na hapa Pemba linafanya kazi zote ambazo gari dogo haliziwezi: kuteremsha magunia ya karafuu kutoka mashambani wakati wa msimu, kupeleka saruji Micheweni, na mara nyengine kubeba vyombo vya shughuli za watu. Injini yenyewe haina makuu, inawaka na kuvuta kama inavyotakiwa. Tatizo lilikuwa harufu ya dizeli iliyoingia ndani hata vioo vikiwa wazi, doa jeusi lililozidi kutanuka pale ninapoliegesha, na tabia mpya ya kuchelewa kuwaka asubuhi, kwa kupiga stata muda mrefu na kutoa moshi mweupe kabla ya kutulia.

Fundi wa kwanza niliyemwonesha alifungua boneti, akatazama pampu ya dizeli iliyolowa kila upande, akasema, "Mzee, pampu hii imeshakwisha, tafuta nyengine." Sikuona sababu ya kumbishia, lakini pia sikuona sababu ya kununua pampu. Kitu kulowa si ushahidi kwamba ndicho kinachovuja, na kwa dizeli jambo hili ni kweli zaidi kuliko kwa petroli. Petroli ikivuja hukauka karibu na pale ilipotokea, na mara nyingi huacha alama. Dizeli haikauki upesi. Hutambaa juu ya chuma, hufuata mbavu za injini na nyaya, hupeperushwa na feni, kisha hudondoka mahali ambapo huenda pako mbali kabisa na chanzo chake. Ikichanganyika na vumbi letu jekundu hufanya tope zito linalofunika kila kitu, na mtazamaji hawezi tena kujua kipi kilianza.

Kabla ya kushika spana nilikaa nikafuatisha njia ya mafuta tangu tangi hadi kwenye nozeli, yaani vile vipulizia vinavyorusha dizeli ndani ya injini, na naamini kazi yote iliyofuata ilirahisishwa na hilo. Katika injini hii hakuna pampu ya pekee, ya umeme wala ya kuendeshwa na injini, inayosukuma mafuta kutoka kwenye tangi. Pampu ya sindano yenyewe, ile ile inayopeleka mafuta kwenye nozeli, ndiyo inayovuta, kwa kutumia mapanga madogo yaliyomo ndani yake. Kwa hiyo bomba lote kutoka kwenye tangi, mipira inayoliunganisha, filta na pampu ndogo ya mkono iliyo juu ya filta viko upande wa kuvutwa. Injini ikiwa inanguruma, tundu lililoko upande huo halitoi mafuta, bali linaingiza hewa. Mafuta yakishaingia kwenye pampu mambo hugeuka: ndani ya kasha la pampu mna shinikizo la baa kadhaa (baa ni kipimo cha shinikizo), katika mabomba ya chuma yanayokwenda kwenye nozeli shinikizo hupita baa 100, na mafuta ya ziada hurudi kwenye tangi kwa mpira wa marejeo. Huko, tundu likiwepo, mafuta hutoka nje, na hutoka hasa injini ikiwa inafanya kazi.

Nilipolielewa hilo ndipo nilipoanza kuzizingatia dalili zangu upya, na zikawa hazipatani. Kuchelewa kuwaka asubuhi ni dalili ya hewa, maana yake mafuta yamerudi nyuma usiku na pampu imebaki na upepo. Harufu na unyevu baada ya safari ni dalili ya upande wa shinikizo. Tena kulikuwa na jambo la tatu ambalo kwa mtu anayeishi Unguja mjini huenda lisingejitokeza. Nyumba yetu iko mlimani, kama zilivyo nyumba nyingi za huku, na gari likilala pua ikiwa imeelekea bondeni, asubuhi doa lilikuwa kubwa. Likilala pua juu, au likilala mahali tambarare, doa lilikuwa dogo lakini gari lilikuwa gumu zaidi kuwaka. Pua ikiwa chini, tangi lililo nyuma huwa juu kuliko mabomba ya mbele, na mafuta husukumwa na uzito wake hadi nje kupitia tundu ambalo mchana lilikuwa likinyonya hewa. Nikawa na hakika kwamba natafuta mivujo miwili, si mmoja.

Niliuanza ule wa shinikizo kwa sababu ndio ulioonekana. Niliifunika alternata kwa mfuko wa nailoni, nikaosha injini kwa maji ya sabuni na brashi, nikasubiri ikauke kabisa, kisha nikanyunyiza poda ya mtoto juu ya pampu, kwenye nati za mabomba ya nozeli, juu ya nozeli zenyewe na chini ya filta. Poda kavu ni nyeupe na poda iliyopata dizeli hubadilika rangi papo hapo, hivyo jicho halihitaji kubahatisha. Niliwasha injini nikaiacha ingurume taratibu, huku nikitazama kwa tochi. Hapa lazima niseme neno kwa yeyote atakayejaribu: nati za mabomba ya shinikizo zisipapaswe kwa kidole injini ikiwa inafanya kazi. Mchirizi wa dizeli unaotoka kwenye ufa mwembamba unaweza kupenya ngozi bila maumivu makubwa, na jeraha la namna hiyo ni la kukimbiziwa hospitali hata kama linaonekana dogo. Mimi nilitumia kipande cha boksi nilichokipitisha polepole karibu na kila nati.

Boksi lilibaki kavu. Nozeli zote sita zilibaki nyeupe, na hata bomba la marejeo lililo juu yake, ambalo washa zake huchoka mara kwa mara, halikuwa na kitu. Poda ilibadilika juu ya kifuniko cha pampu, kwenye shina la ule mkono unaovutwa na waya wa akseleta. Mwanzo ilikuwa pete nyembamba tu kuzunguka shina, na kila nilipouvuta mkono kwa kuongeza moto pete ilitanuka, hadi mafuta yakashuka ubavuni mwa pampu na kudondokea kwenye raba ya kushikilia injini. Raba ile ilikuwa imeshalainika kama ubani uliotafunwa, kwa sababu dizeli ni adui wa raba ya kawaida.

Shina hilo huzibwa kwa oringi, yaani pete ndogo ya raba, iliyo ndani ya kifuniko. Sababu mbili huichosha. Ya kwanza ni kwamba shina huzunguka kila mguu unapokanyaga, na kwa barabara za milima tunakanyaga na kuachia bila kupumzika. Ya pili ni ya mafuta yenyewe. Tangu Januari 2015 nchi za Afrika Mashariki zilihamia dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 katika milioni, na dizeli inaposafishwa kwa kiwango hicho hupoteza pia sehemu ya kemikali zilizokuwa zikiivimbisha raba. Oringi kongwe iliyozoea kuvimba husinyaa na kuacha nafasi. Sisemi kwamba ndiyo iliyonitokea mimi, lakini umri wa gari langu unaruhusu kulifikiria hilo, na ndiyo sababu niliagiza oringi za raba ya Viton, ambazo huvumilia dizeli kuliko za kawaida. Zilitoka Dar es Salaam, pamoja na gasketi ya kifuniko, zikavushwa kwa boti hadi Mkoani.

Kifuniko nilikifungua pamoja na kijana mmoja wa Wete anayejua pampu, ambaye mkono wake ni mwepesi na mdomo wake ni mzito. Aliniambia tuisafishe pampu kwanza kwa dizeli na brashi mpaka isionekane hata punje ya mchanga, kwa kuwa vyuma vya ndani vinaendana kwa nafasi ndogo mno na uchafu ukiingia pampu ndiyo itakuwa imekwisha kweli. Kisha akachukua ncha ya msumari, akakwaruza mstari mmoja unaopita juu ya shina na juu ya mkono wa akseleta. Shina lina meno, na mkono ukirudishwa kwa kuruka jino moja injini inaweza kupanda kasi yenyewe inapowashwa, au ikakosa nguvu mlimani. Alipokinyanyua kifuniko alikiinamisha kwa upande kwanza, akaichopoa springi ya gavana, kile kidhibiti cha kasi ya injini, iliyonasa chini yake, ndipo akakitoa. Oringi ya zamani ilitoka ikiwa ngumu na bapa upande mmoja, na ilipokunjwa ilikatika. Kuiweka mpya kulichukua muda mfupi kuliko kusafisha.

Wakati bolti za mabomba ya pampu zikiwa nje alinionesha kitu ambacho nakiona kina thamani kukitaja. Bolti ya mafuta yanayoingia na ile ya mafuta yanayorudi hufanana kwa sura, lakini ya marejeo imeandikwa OUT kichwani na tundu lake la ndani ni jembamba sana, maana ndilo linalosaidia kuhifadhi shinikizo ndani ya kasha. Zikibadilishana nafasi, gari hukosa nguvu na mtu akaanza kulaumu nozeli. Washa za shaba tulizipasha moto mpaka zikawa nyekundu, tukazizamisha majini zilainike, tukazirudisha. Mpya zingekuwa bora, ila hizi zimeziba.

Mvujo wa upande wa kuvutwa haukuonekana kwa poda, na haukupaswa kuonekana, kwa vile injini ikinguruma hakuna kinachotoka. Kwa huo nilitumia mpira wa plastiki unaoonyesha ndani. Niliufunga kwanza kati ya filta na pampu, nikawasha, nikaona viputo vidogo vikipita mfululizo. Nikauhamishia kabla ya filta. Viputo vilikuwa vile vile. Basi filta na pampu ya mkono hazina kosa, hewa inatoka nyuma yake. Ili nisiachwe na shaka niliuchomoa mpira wa tangi, nikaliweka dumu safi la dizeli karibu na injini na kuvuta mafuta kutoka humo. Viputo vikakoma na injini ikatulia.

Nililala chini ya gari na kufuata bomba la chuma lililo juu ya chasisi. Pale linapoishia na kuungana na mpira unaopanda kwenye injini, chini ya klampu, kutu ilikuwa imelila bomba mpaka ngozi yake ikawa na mashimo madogo kama ya sindano, na mpira nao ulikuwa na nyufa upande usioonekana. Kisiwani hewa ya chumvi hukaa chini ya klampu na haioshwi na mvua, kwa hiyo sehemu hizo ndizo za kwanza kuoza. Tulilikata bomba hadi penye chuma kizima, tukaliviringishia mdomo kidogo ili mpira usichomoke, tukaweka mpira wa mafuta mrefu zaidi na klampu mbili za chuma kisichoshika kutu. Tukaondoa hewa kwa kuibonyeza pampu ya mkono mpaka ikawa ngumu, na gari likawaka.

Jambo moja lililonitia wasiwasi kabla ya kumaliza ni sili ya mbele ya pampu. Hiyo ikivuja, dizeli huingia ndani ya kifuniko cha mkanda wa taimingi na kuuozesha mkanda, na mkanda ukikatika injini inaweza kuharibika vibaya. Tulifungua kifuniko cha juu tukakuta mkanda ni mkavu, ila kwa kuwa haikujulikana ulibadilishwa lini, nilibadilisha mkanda palepale.

Kwa hesabu ya kawaida ya matone 20 kwa mililita moja, tone moja kila sekunde ni takriban mililita 180 kwa saa, na mvujo wangu wa pampu ulifika hapo gari likiwa linapanda. Gharama ya oringi, gasketi, mpira na kazi ilikuwa sehemu ndogo ya bei ya pampu iliyotumika. Kilichobaki ni unyevu juu ya tangi, kwenye gasketi ya boya la geji ya mafuta, unaojitokeza tangi likijaa na gari likipanda mlima mkali. Gasketi yake imeshaagizwa, na mpaka ifike najaza robo tatu tu.