Nilivyompeleka mama kwenye baa ya miaka 250

Mama yangu amepika mbege, pombe ya ndizi na ulezi ya Wachagga, huko Kibosho, Kilimanjaro, karibu utu uzima wake wote, na kilabu chake ndicho kilichonilipia ada. Alipokuja kunitembelea Reading, Uingereza, aliniomba jambo moja: nimwonyeshe vilabu vya pombe vya Wazungu. Baa za mjini hazikumridhisha. Muziki juu, televisheni kila ukuta, wahudumu wa zamu. "Mwenye nyumba yuko wapi?" akaniuliza.

Kwa ajili ya swali hilo nikaitafuta The Bell Inn, katika kijiji cha Aldworth, Berkshire. Asili ya jengo ni karne ya 15, na familia moja, akina Macaulay, imeiendesha kwa zaidi ya miaka 250. CAMRA, chama cha wapenzi wa bia ya asili kilichoanzishwa mwaka 1971, kimeitangaza baa bora ya nchi nzima mara mbili, kwa mwaka 1990 na 2019.

Gari sina. Tulipanda treni hadi Goring & Streatley, tukavuka daraja la mto Thames, kisha tukashika Ridgeway, njia ya kale ya miguu yenye kilomita 139, tukaiacha kwa kukata kushoto kuelekea kijijini. Ni mwendo wa kilomita kama sita, mwanzo wote mlima, na mama alinitangulia. Kabla ya kuondoka hakikisha siku na saa zao: Jumatatu huwa wamefunga, na mchana hufunga pia hadi jioni. Tulifika saa sita, kukiwa bado na nafasi kwenye mabenchi.

Ndani hakuna kaunta. Kuna kidirisha cha vioo. Unasogea, unasema unachotaka, unalipa, unabeba glasi yako mwenyewe. Saa ya ukutani ina mshale mmoja tu, wa kuonyesha saa. Simu hawazitaki, kwa hiyo zima kabla hujaingia. Chakula ni mikate midogo ya moto iliyojazwa jibini au nyama, basi.

Nilimchukulia mama nusu painti ya bia. Aliinusa, akaonja, akanyamaza kidogo, akaonja tena. Haikuwa ya barafu wala ya povu la kuruka. "Hii bado iko hai," akasema.

Nikamweleza nilivyofahamu: bia ya pipa haichujwi hamira yake wala haipashwi moto kama ya chupa, bali huendelea kuchachuka palepale baani, na pipa likishafunguliwa linatakiwa liishe ndani ya siku chache. Mama akatikisa kichwa kwa kukubali kabla sijamaliza. Mbege ndivyo ilivyo. Unachemsha ndizi mbivu, unaziacha zichachuke, unachuja, unapika uji wa kimea cha ulezi, unatia gome la msesewe lipate uchungu. Leo tamu, kesho kali, keshokutwa umemwaga. Nimemwona mara nyingi akiamka usiku na tochi kwenda kuonja kwa kidole, na hakuwahi kumwachia kazi hiyo msichana wa kuajiriwa.

"Pombe ya namna hii haitaki mwajiriwa, mwanangu. Inataka mwenyewe."

Naamini hilo ndilo lililoiweka Bell mikononi mwa ukoo mmoja muda wote huo, kuliko hata ule uzuri wa jengo. Na mazungumzo yakatugeukia sisi. Nani atashika kilabu cha Kibosho? Mimi niko Reading. Kaka yangu ana biashara yake Arusha. Sikuwa na jibu, na mama hakunilazimisha. Alitaka tu kujua hawa wamewezaje kupokezana bila kukatika, na nilichoweza kumwambia ni kwamba watoto wamekulia humohumo ndani.

Walipofunga tulipita kuona kisima cha kijiji, chenye kina cha zaidi ya mita 100 kwenye mwamba wa chaki. Mama, aliyezoea maji ya mfongo, mfereji wa Wachagga, yanayopita mgombani, alisimama pale muda mrefu akiwafikiria waliokichimba. Halafu tukawahi treni.

Jioni hiyo alimpigia simu wifi yangu aliyebaki nyumbani. Wakaongea habari za watoto, za mvua, kisha nikamsikia akimwambia kwamba akirudi, anayepima ulezi atakuwa yeye wifi, na mama atakaa pembeni kumwangalia.