Ndani kuna mtu anacheka

"Mama mdogo, nikisema 'mimi ni jasiri', ndani kuna mtu anacheka."

Kitindamimba wa dada aliniambia hivyo jikoni, ungo wa mchele mapajani, na maneno hayo yamekataa kunitoka. Harusi imepita, ofisi imehamia ghorofa ya juu, babu ametolewa hospitali, mimi bado niko pale kwenye ungo. Nilimuuliza, "Anacheka vipi?" Akajibu bila kuinua macho, "Kama anayenijua."

Kama anayenijua.

Usaili wake wa ualimu unakaribia. Kwenye semina fulani walimpa kauli za kujinenea mbele ya kioo asubuhi na jioni: mimi ni jasiri, mimi ni mshindi, siogopi kitu. Halafu wakamwambia kwamba zisipofanya kazi, hajaamini vya kutosha. Hilo ndilo linaloniuma. Mtoto ameingia na hofu moja, ametoka na mbili.

Kauli ikiwa mbali mno na kile mtu anachoamini juu ya nafsi yake, akili haiipokei. Inaipinga kwa ushahidi: siku ile ulikwama, siku ile sauti ilikauka. Kila ukiirudia, na ushahidi unarudiwa. Mwaka 2009 Joanne Wood na wenzake, watafiti wa saikolojia huko Kanada, waliwapa wanafunzi wa chuo dakika 4 za kuandika mawazo yao. Baadhi yao walitakiwa, kila kengele ikilia, wajiambie kwamba wao ni watu wa kupendeka. Wenye kujithamini kidogo waliorudia maneno yale walijisikia vibaya kuliko wenzao wa hali hiyohiyo ambao hawakuyarudia. Waliojithamini tangu mwanzo ndio walionufaika, tena kidogo tu.

Hata Émile Coué, mfamasia wa Ufaransa aliyeeneza kujinenea huku karne moja iliyopita, hakufundisha kama semina zinavyofundisha. Aliwaambia watu waseme mara 20 asubuhi kabla ya kutoka kitandani na mara 20 usiku, wakihesabu kwa uzi wenye mafundo 20, kama tasbihi: "Kila siku, kwa kila namna, nazidi kuwa bora." Watu wameshika marudio, wameacha kiini. Kauli yake inasema niko njiani, haisemi nimefika. Na alikataza kujilazimisha, kwa sababu nia ikishindana na picha iliyomo akilini, picha ndiyo hushinda.

Basi tukakaa na daftari. Nikamwambia, huyo anayecheka kama anakujua, tumwambie jambo ambalo na yeye analijua.

Kwanza tuliacha "jasiri", neno pana mno. Unaogopa wapi hasa? Akafikiri. "Pale jopo linaposema, jieleze." Vizuri, kauli iwe ya dakika hiyo. Kisha ushahidi wa kweli kutoka mafunzo kwa vitendo. Akaandika: "Nimesimama mbele ya kidato cha pili, nikaeleza mada ngumu, wakaelewa." Akaisoma kwa sauti, taratibu, huku akisikiliza ndani. Kimya. Hicho ndicho kipimo. Kauli ikichekwa, ishushe ngazi moja: badala ya "naweza", sema "najifunza" au "naanza kuzoea", mpaka ipite bila ubishi. Ikishazoeleka, panda tena.

"Sitatetemeka" tuliifuta. Ili akili ihakikishe hutetemeki, lazima iendelee kuutafuta mtetemo. Mwanasaikolojia Daniel Wegner alilionyesha hilo mwaka 1987 kwa kuwaambia watu wasimfikirie dubu mweupe, na dubu akawa anarudi tu. Mahali pake tukaweka kitendo, kwa mtindo wa "ikiwa hivi, nitafanya hivi" ambao mwanasaikolojia Peter Gollwitzer ameuchunguza kwa miaka mingi: "Wakisema jieleze, nitakanyaga sakafu kwa miguu yote miwili, nitavuta pumzi moja, nitaanza na jina na chuo."

Nikamshauri pia ajisemeshe kwa jina lake badala ya "mimi", kama dada anayemtuliza mdogo wake. Mwanasaikolojia Ethan Kross na wenzake waliripoti mwaka 2014 kwamba kujisemesha hivyo hupunguza mfadhaiko wa kuzungumza mbele za watu. Kauli aiseme baada ya kupiga mswaki, ili asisahau, mara chache na kwa utulivu. Kisha papo hapo ajibu swali la jopo kwa sauti, kwa ukamilifu. Asiliruke hilo, maana mazoezi ndiyo yanayoongeza ushahidi, na kauli isiyoongezewa ushahidi huchakaa.

Nilimwuliza pia kuhusu usingizi na chakula. Vyote viko sawa, alhamdulillahi. Vingekuwa vimepotea kwa wiki mbili, pamoja na kukata tamaa kutwa nzima, ningeshuku sonona, ugonjwa wa huzuni nzito, na kumpeleka hospitali.

Alipofika kwenye "nitaanza na jina na chuo", mabega yalishuka, akaomba kalamu nyekundu akaipigia mstari. Nilifurahi mno. Jana nimemsikia bafuni akijiita kwa jina, akijieleza kwa jopo lisilokuwepo, sauti imenyooka hadi mwisho.

Sasa kinachoninyima usingizi ni mnazi wa nyuma. Umezidi kulalia bati la jirani, mkwezi ameahidi mara mbili hajatokea, na masika yanakuja.