Faini ya elfu kumi ikageuka kesi ya jinai

Mbukwenyi wana Dodoma! Leo niongelee hili maana naona madogo wengi hapa mjini wanachanganya kosa la barabarani na jinai, kwao yote ni faini tu, lipa yaishe.

Ukiandikiwa na trafiki labda hujavaa helmeti au umebeba mishikaki (abiria zaidi ya mmoja kwenye pikipiki), bodaboda na bajaji ni elfu kumi kwa kosa moja tangu bajeti ya 2021/22, gari ni elfu thelathini. Unapewa kontrol namba unalipia kwenye simu, basi. Kama hukubali kosa una haki ya kukataa ukajitetee mahakamani, ila nani aache abiria siku nzima kwa ajili ya elfu kumi, hapo nawaelewa kabisa. Ukigonga mtu akaumia hilo ni jingine, hapo ni PF3 (fomu ya polisi ya majeruhi kutibiwa) na mahakama na leseni inaweza kufungiwa.

Sasa balaa lipo mdomoni. Kuna dogo wa kijiwe kimoja Ipagala alisimamishwa, kosa ni helmeti tu, akaanza kubishana, watu wakajaa, akaona sifa akaporomosha matusi ya nguoni mpaka ya mama. Elfu kumi yake ikabaki palepale halafu juu yake ikaja kesi ya lugha ya matusi, na hiyo ipo kwenye Kanuni ya Adhabu, kifungo mpaka miezi sita. Akalala selo. Dhamana ya polisi ni bure jamani, imeandikwa mpaka ukutani kituoni, lakini lazima apatikane mtu wa kukudhamini na ndugu zake wote wako Kondoa huko.

Asubuhi mahakama ya mwanzo, shitaka likasomwa, akaulizwa ni kweli au si kweli. Akajibu "ni kweli mheshimiwa" haraka haraka, kumbe mahabusu wenzake walishamtisha kwamba akikana na hana mdhamini mwenye barua ya mtendaji na kitambulisho cha NIDA anaenda kusubiria kesi gereza la Isanga. Akapigwa faini au jela, mjomba akachanga, jioni yuko kijiweni anacheka.

Mimi hapo ndipo huwa nagombana nao. Ukikiri mwenyewe umetiwa hatiani, na kwa kawaida huwezi tena kukata rufaa kusema hukufanya, unachoweza kulalamikia ni ukubwa wa adhabu tu, tena ndani ya siku 30 kwenda mahakama ya wilaya. Kama kweli ulitukana sawa, kiri, hakimu akiona ni kosa la kwanza na umejutia anaweza hata kukuachia kwa masharti usirudie. Lakini kukiri kwa kuogopa Isanga ni kujifunga mwenyewe, bora upige simu mtaani usiku huohuo atafutwe mdhamini.

Mwaka huu dogo kapata upenyo wa udereva kwenye kampuni moja, fomu inauliza umewahi kutiwa hatiani kwa kosa la jinai? Nikamwambia jaza ndiyo, nenda kwa karani uombe nakala ya hukumu uambatanishe waone ilikuwa kesi ya matusi tu, sio wizi. Hataki, anasema hawawezi kujua. Na fomu hiyohiyo chini inadai cheti cha polisi cha alama za vidole, kile kinachoonyesha kama una rekodi ya jinai!