Mji ambao bahari inaishia mlangoni

Watu wa nyumbani Pangani wakiniuliza naishi wapi huku Ireland nawaambia Carrick-on-Suir, wanakaa kimya kidogo alafu wanauliza, ni karibu na Dublin? Wala. Ni kamji ka watu elfu 5 na mia kadhaa, huku kusini, Tipperary inapopakana na Waterford, mto Suir unapita katikati na mtaa mkuu ni mwembamba kiasi kwamba lori likipita we unajibana ukutani. Kazi yangu ni kutunza wazee majumbani, sasa ni mwaka wa tatu.

Ila leo nataka niongelee maji. Wiki yangu ya kwanza nilisimama kwenye daraja la zamani asubuhi, nikaona mto unateremka kama mto wowote, basi jioni natoka kazini nakuta maji yamepanda, tope lote limefunikwa, na kijiti kinaelea kinaenda JUU, kinakotoka mto. Nikacheka peke yangu kama chizi. Jamani, maji yanajaa! Mi nimekulia mdomoni mwa mto, bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, naijua, maji mafu, yale madogo ya katikati, nayajua, lakini hapa bahari huioni na hata harufu yake huisikii, iko huko chini kabisa ukishapita mji wa Waterford, na bado kila siku inapanda mara mbili mpaka hapa kusalimia alafu inarudi zake.

Nikamwambia mzee mmoja ninayemhudumia, akaniangalia kama vile hatimaye nimeuliza swali la maana. Akasema mji wote huu upo kwa sababu hiyo. Zamani mizigo ilitoka Waterford kwa mashua, zinasubiri maji yajae zinapanda nayo bure bila jasho, zikifika Carrick msaada wa bahari ndo unaishia hapo. Kutoka hapa kwenda Clonmel ilikuwa ni farasi, wanatembea ukingoni na kamba, wanakokota matishari kupanda mto, farasi wengi kwa tishari moja maana Suir ukikasirika si mchezo. Ile njia ya farasi ipo mpaka leo, wameitengeneza kilomita 21 mpaka Clonmel, watu wanaendesha baiskeli na kutembeza mbwa. Mi naitumia kupigia simu nyumbani.

Daraja lenyewe ni la 1447 na kwa miaka mingi sana lilikuwa ndo la mwisho kabla ya bahari, yani ukitaka kuvuka Suir kwa mguu huko chini lazima uje Carrick, mpaka Waterford walipojenga la kwao mwaka 1794. Sasa fikiria biashara iliyokuwa inapita hapo. Na ukilishika daraja umeshika mji, ndo maana kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe 1922 walililipua upande.

Chini ya daraja utaona mitumbwi bapa, wanaiita cot, mi masikio yangu yakasikia koti, nikawa najiuliza koti linavuaje samaki. Walikuwa wanavua samoni wawili wawili, mitumbwi miwili inashuka na maji, wavu uko katikati yao. Na wanapanda kwa upondo! Siku nilipoona mtu anasukuma kwa upondo nilitaka kulia aisee, nikakumbuka babu.

Kuna na kasri, la akina Butler wa Ormond. Thomas Butler alikulia Uingereza ikulu, Malkia Elizabeth wa Kwanza ni ndugu yake upande wa akina Boleyn, ukoo wa mama yake malkia, basi aliporudi Ireland, miaka ya 1560 akajenga jumba zuri, madirisha makubwa, sio ngome ya kupigania vita, na kwenye ukumbi mrefu wa juu akamchora malkia kwa lipu ya chokaa ukutani. Wanasema alikuwa anamtegemea aje. Hakuja. Ireland yenyewe hakuwahi kukanyaga. Butler kafia hapo hapo 1614, na miaka yake ya mwisho alikuwa kipofu, kwa hiyo hata hiyo sura ya mgeni wake ukutani hakuiona tena. Kila nikipita pale namuonea huruma, japo kwa utajiri ule sijui kama anaihitaji huruma yangu.

Maisha ya kila siku ni ya taratibu. Viwanda vya pamba ya kondoo na vya ngozi vilishakufa, maduka kadhaa yamefungwa, treni ni za kuhesabu kwa vidole. Lakini redio za huku zinasoma matangazo ya vifo, kama RTD, Radio Tanzania, enzi zile! Mzee anaongeza sauti, chumba kizima kimya, jina fulani, mtaa fulani, maziko lini. Ndani ya siku mbili tatu mtu kashazikwa na mji mzima umeenda kushika mkono wafiwa, chai na mkate mpaka basi. Hapo ndo niliacha kujiona mgeni sana.

Na hurling, ule mchezo wa magongo, usiulize. Mji mdogo hivi una klabu mbili, Swan na Davins, ni Simba na Yanga kabisa, hilo jina la Davins linatokana na Maurice Davin, mtu wa hapa hapa kando ya mto, rais wa kwanza wa GAA, chama cha michezo ya asili ya Ireland, 1884. Baiskeli nayo ni dini kwa sababu ya Sean Kelly, mtoto wa mkulima wa jirani aliyebeba Paris–Nice, mashindano ya baiskeli ya Ufaransa, mara 7 mfululizo, 1982 mpaka 1988. Katikati ya mji kuna uwanja una jina lake na yeye bado yuko hai, fikiria unaenda kununua maziwa kwenye uwanja wenye jina lako.

Mzee wangu miguu imegoma siku hizi, hafiki mtoni. Kwa hiyo kazi niliyopewa, ambayo haimo kwenye mkataba, ni kupita darajani kabla ya kuja kwake na kumletea habari: yanajaa au yanapwa. Leo nilimwambia yanajaa, tena bamvua. Akasema anajua, mwezi kauona dirishani usiku.