Kimya kati ya wimbo na wimbo: kabla hujaulaumu mtandao

Chukua albamu ya kwaya iliyorekodiwa mbele ya waumini, au mikisi ya DJ iliyokatwa nyimbo kumi na tano. Ulipokuwa unapigwa, muziki huo haukusimama hata mara moja. Ukiusikiliza kwenye simu, kila wimbo unapokwisha makofi yanakatika, kimya kinapita, kisha makofi yanaanza upya kama watu walioambiwa wasubiri kwanza. Hapa Mwanza jibu la haraka ni kwamba mtandao unasumbua. Mara nyingi mtandao unasingiziwa. Wimbo unaotiririshwa kwa kilobiti 160 kwa sekunde unahitaji kilobaiti 20 tu kila sekunde, na hata 3G ya kubahatisha inaweza kuzifikisha.

Sikio lenyewe linaweza kuanza kukuelekeza. Kimya kikiwa kifupi sana, kama kigugumizi cha kufumba na kufumbua, shuku faili. Kikifika robo au nusu sekunde, na kila mara ni kilekile, shuku programu unayochezea muziki. Kikiwa hakitabiriki, mara sekunde moja, mara nne, mara hakipo kabisa, hapo ndipo mtandao unapoingia, au simu inayobana chaji. Na kama tatizo ni kwamba silabi ya kwanza ya wimbo imemezwa, iangalie sabufa.

Ukitaka uhakika, fanya jaribio moja kwa mpangilio huu. Pakua albamu yenye nyimbo zilizoungana, weka simu kwenye hali ya ndege, chomeka hedifoni za waya. Cheza albamu kwa mpangilio wake, sogeza wimbo hadi zibaki sekunde kama 20 za mwisho, halafu uache ujiendee wenyewe. Usibonyeze kitufe cha wimbo unaofuata, maana ukikibonyeza unaiagiza programu ikate, na hutakuwa umepima chochote. Kama kimya bado kipo, mtandao na sabufa havihusiki. Kama hakipo, chomoa waya, unganisha bluetooth na urudie. Ukimaliza hapo ndipo utoe hali ya ndege na ujaribu wimbo usiopakuliwa. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukibadilisha viwili pamoja hutajua kipi kimesaidia.

Nianze na faili, kwa sababu ndiko watu wengi hawaangalii.

MP3 haihifadhi sauti kama mkanda mmoja mrefu. Inaikata vipande vinavyoitwa fremu, kila fremu sampuli 1,152 (sampuli ni kipimo kimoja kidogo cha sauti). Kwa sauti ya sampuli 44,100 kwa sekunde, fremu moja ni milisekunde 26 hivi. Sasa piga hesabu: wimbo wa dakika nne kamili una sampuli 10,584,000. Gawanya kwa 1,152, unapata fremu 9,187 na nusu. Nusu fremu haipo kwenye MP3, kwa hiyo programu ya kusimba, yaani inayoigeuza sauti kuwa MP3, inajaza kimya hadi fremu ya 9,188 itimie. Hapo bado mwanzo hatujaugusa. LAME, programu inayotumika sana kutengeneza MP3, husogeza sauti mbele kwa sampuli 576, na kisimbuzi kinachoifungua (sisemi kile cha televisheni) huchelewesha nyingine 529. Jumla 1,105, yaani milisekunde 25 za kimya kabla wimbo haujaanza. Sampuli hizo za mwanzo nazo hubadilisha hesabu ya mwisho, lakini kanuni inabaki ileile: kila wimbo una kimya kidogo mbele na nyuma ambacho mwanamuziki hakukipiga.

AAC, aina nyingine ya faili la sauti, nayo iko hivyohivyo, ila fremu zake ni sampuli 1,024, na mwanzoni mara nyingi huongezwa sampuli 2,112, karibu milisekunde 48. Vorbis na Opus, aina nyingine mbili, zilitengenezwa kwa akili zaidi, kwa kuwa faili lenyewe linataja sampuli ya mwisho ni ipi, na kisimbuzi kinakata hapo. FLAC, inayohifadhi sauti bila kupoteza chochote, haina shida hii kabisa. Inajua idadi kamili ya sampuli na haiongezi hata moja.

Dawa ya MP3 ipo miaka mingi. LAME huandika kwenye fremu ya kwanza idadi ya sampuli za kutupa mwanzoni na mwishoni, na programu ya muziki inayosoma maandishi hayo inazitupa. Kwenye faili za M4A, ambazo kwa kawaida hubeba AAC, maelezo hayo mara nyingi hukaa pamoja na lebo za wimbo (jina, msanii, albamu), sehemu inayoitwa iTunSMPB. Tofauti hiyo ina madhara yake. Ukibadilisha jina la msanii kwenye MP3, fremu ya kwanza haiguswi. Kwenye M4A, programu ovyo ya kuhariri lebo inaweza kufuta kila isichokijua, pamoja na hiyo sehemu, na tangu hapo albamu iliyokuwa inaungana vizuri inaanza kugugumia. Hutajua kwa nini, maana kwa macho hakuna kilichobadilika ila jina.

Ndiyo maana nyimbo nyingi zinazowekwa kwenye flashi na memori kadi pale vibandani haziungani hata ukiwa na simu ya milioni. Nyingi zimechomolewa kwenye video, zikageuzwa MP3, pengine zikageuzwa tena ili zipungue ukubwa. Kila mgeuzo unakichukua kimya cha awali kama sehemu ya muziki, kisha unaongeza cha kwake. Hakuna programu inayoweza kukitambua tena. Na zile programu za kukata MP3 bila kusimba upya zina kasoro nyingine: fremu ya MP3 inaruhusiwa kukopa nafasi kwenye fremu zilizotangulia, kwa hiyo ukikata katikati, fremu ya kwanza ya kipande kipya inakosa data yake. Hapo ndipo unaposikia "tik" au kimya kifupi mwanzoni.

Tukija kwenye programu. Spotify, iliyofunguliwa Tanzania mwaka 2021, ina kitufe chake: ingia kwenye mipangilio, sehemu ya Playback, washa Gapless, yaani bila pengo. Hapohapo kuna Crossfade, ambayo huenda kuanzia sekunde 0 hadi 12. Irudishe sifuri. Watu wengi huiongeza wakidhani ndiyo dawa ya kimya, kumbe inafanya kazi nyingine: inashusha wimbo unaokwisha huku ikipandisha unaoanza, vyote vikisikika pamoja. Kwa orodha ya nyimbo za kuchanganya kwenye sherehe ni nzuri. Kwa mikisi ambayo DJ ameshaunganisha mwenyewe, utasikia ngoma mbili zinakanyagana. Automix, inayochanganya nyimbo yenyewe, nayo izime kama unasikiliza albamu. Na kama hulipii, tangazo likiingia kati ya wimbo na wimbo hakuna mpangilio wa kukuokoa.

Apple Music haina kitufe cha kuondoa kimya, inafanya yenyewe. Angalia tu Crossfade, iliyoingia kwenye iPhone na iOS 17, isiwe imewashwa. Kwa faili ulizonazo kwenye simu ya Android, programu za muziki za Musicolet na Poweramp zote mbili zinacheza bila pengo. Android yenyewe iliwapa watengenezaji njia ya kuandaa wimbo unaofuata kabla wa sasa haujaisha tangu toleo la 4.1, mwaka 2012. Kwa hiyo programu inayokuachia nusu sekunde ya kimya leo haina kisingizio: inasubiri wimbo ufe kabisa ndipo ianze kufungua mwingine.

Kuna kasoro moja inayofanana na pengo lakini si pengo, nayo ni kusawazisha sauti. Kila wimbo ukisawazishwa kivyake, wimbo wa taratibu unapandishwa na ule wa kelele unashushwa, na pale wanapoungana sauti inaruka ghafla. Kwenye programu za faili, chagua usawazishaji wa albamu badala ya wimbo mmojammoja. Spotify hufanya hivyo yenyewe ukicheza albamu kwa mpangilio, ila ukizichanganya nyimbo inarudi kwenye wimbo mmojammoja.

Sasa mtandao na simu. Programu nzuri huvuta wimbo unaofuata wakati wa sasa bado unaimba. Wimbo wa dakika nne kwa kilobiti 160 ni MB 4.8, na sekunde 10 za mwanzo ni kilobaiti 200 tu, kwa hiyo ikipewa nafasi itawahi. Inakosa nafasi kwa sababu mbili. Ya kwanza ni wewe: ukiwasha au kuzima kuchanganya nyimbo (shuffle), au kupenyeza wimbo mwingine kwenye foleni zikiwa zimebaki sekunde chache, kile kilichovutwa hakina kazi tena na inaanza upya. Ya pili ni simu. Simu nyingi za bei nafuu hubana programu mara kioo kinapozimika. Nenda kwenye mipangilio, kwenye orodha ya programu, chagua ya muziki, ingia sehemu ya betri na uiruhusu itumie chaji bila kikomo. Kama unatumia kiokoa data, iruhusu pia itumie data ikiwa nyuma. Dalili ya tatizo hili ni rahisi: muziki unaungana vizuri kioo kikiwa kinawaka, unakatika kikizimwa.

Kwa jiji letu hili la mawe kuna jambo la kuongeza. Nyumba za mlimani, Igogo au Mabatini, chumba kimoja kinaweza kushika 4G safi na cha pili, kilichopakana na mwamba, kikapata vijiti viwili vya kusinzia. Sogeza simu dirishani uone, ndipo ubadilishe laini. Ukipanda meli kwenda Nansio, kisiwani Ukerewe, usitegemee kutiririsha kabisa, maana katikati ya maji simu inahangaika kutafuta mnara. Pakua ukiwa nchi kavu. Albamu ya saa moja kwa kilobiti 160 ni MB 72, kwa 320 ni MB 144, na kwa 96 ni kama MB 43. Ukitumia spika ya simu au sabufa ndogo kwenye sitaha yenye injini chini yake, 96 inakutosha. Hakuna sikio litakalojua tofauti pale.

Sabufa za bluetooth zina ugonjwa wao. Nyingi za bei nafuu zina sakiti inayozima sauti ikikutana na kimya, ili zisivume. Kimya kati ya wimbo na wimbo kinaweza kuigusa sakiti hiyo, nayo inachelewa kuamka, na hapo ndipo "Ha-" ya Haleluya inapopotea. Chomeka waya wa AUX. Kama tatizo linabaki na waya, ni kikuza sauti chenyewe. Kama linaisha, ni upande wa bluetooth. Ukituma muziki kwenye televisheni kwa mtandao wa nyumbani ni habari nyingine: mara nyingi televisheni inauvuta kila wimbo yenyewe, na mipangilio ya simu yako haina mamlaka huko.

Sehemu hii ya mwisho ni kwa studio na viongozi wa kwaya, maana kosa likifanyika kwenu hakuna msikilizaji wa kulirekebisha. Kama mmerekodi ibada au tamasha zima, fanyeni kazi yote ya kusafisha na kupandisha sauti kwenye rekodi moja isiyokatwa. Kata mwishoni kabisa. Kila wimbo ukisafishwa kivyake, kiwango cha sauti na mwangwi havitakutana mpakani. Unapokata, usishushe sauti mwishoni wala kuipandisha mwanzoni, na zima kile kipengele cha kuondoa kimya kinachojiendesha. Sampuli ya mwisho ya wimbo wa kwanza ifuatwe moja kwa moja na sampuli ya kwanza ya wimbo wa pili. Ukitaka na CD pia, kata kwenye mafungu ya sampuli 588, ambayo ni sehemu moja ya 75 ya sekunde, maana CD haijui kugawanya chini ya hapo.

Pelekeni WAV (faili la sauti lisilobanwa) au FLAC kwa msambazaji, zote kwa kiwango kimoja cha sampuli. Wimbo mmoja ukiwa 44,100 na unaofuata 48,000, vifaa vingine hulazimika kujipanga upya katikati na kutoa mlio wa "tak". Na kamwe msipeleke WAV iliyotokana na MP3. Kimya cha MP3 kitakuwa kimeshagandishwa ndani kama sehemu ya wimbo, na majukwaa yote yatakisambaza kwa uaminifu mkubwa.

Kabla ya kutuma, jipimeni kwa Audacity, programu ya kuhariri sauti ambayo ni bure: tengeneza mlio mmoja wa hezi 440 wa sekunde 20, ukate mahali popote kwa njia ileile mnayokatia nyimbo zenu, toa vipande viwili, vichezeni kwenye simu kwa hedifoni za waya. Mlio usipokuwa mmoja, njia yenu ya kukata au kuhifadhi ina kasoro. Muziki unaweza kuficha pengo dogo. Mlio mmoja ulionyooka haufichi.

Kuna pengo ambalo hata hayo yote hayaligusi. Nyimbo nyingi za zamani za dansi na rumba zilitoka kwenye santuri za mizunguko 45, wimbo mmoja umegawanywa pande mbili. Upande wa kwanza ulishushwa sauti taratibu, wa pili ukapandishwa, na ndivyo zilivyo hadi leo kwenye majukwaa, sehemu ya kwanza na ya pili. Hapo kipengele cha kuondoa kimya hakina cha kuondoa. Hizo ndizo ningeziwekea Crossfade ya sekunde tatu au nne, kwenye orodha yao peke yao, kisha niirudishe sifuri kabla ya kurudi kwenye albamu nyingine.